Harusi Iliyokwama Ndani ya Kompyuta

Tarehe 1 Mei 2013 Mto Nyamwamba ulivunja kingo zake, ukashuka kutoka Rwenzori na mawe, magogo na matope, ukapita Kilembe, ukateremka hadi Kasese mjini. Wifi yangu alikuwa akikaa Kilembe, kwenye zile nyumba za wafanyakazi wa migodi ya shaba, migodi iliyosimamisha uchimbaji mwanzoni mwa miaka ya 1980. Yeye, mumewe na watoto walikimbilia mlimani na nguo walizovaa. Waliporudi waliikuta nyumba imesimama, lakini matope yamefika madirishani. Albamu ya harusi yao ilitoka ikiwa donge la karatasi. Diski za filamu ya harusi hazikuonekana kabisa.

Majuma yale ya kwanza hakuna aliyezungumzia filamu. Palikuwa na maji safi ya kutafutwa, unga, magodoro, sare za shule. Neno lenyewe lilitoka baadaye, jikoni kwangu, tukimenya mihogo.

"Wifi," akaniambia, "masufuria nitanunua. Sauti ya baba nitainunua wapi?"

Baba mkwe alifariki mwaka uliofuata harusi ile. Katika filamu anasimama kofia mkononi, anakohoa kidogo, kisha anawausia maharusi kwa Lukonzo. Ni dakika chache tu. Hakuna mahali pengine aliporekodiwa. Mpiga picha wa harusi alikwisha kufunga studio na kuhama, na simu yake haikupatikana tena. Ilibaki nakala moja tu: faili kubwa ndani ya kompyuta yetu, iliyowekwa humo na watoto ili wamtazame shangazi yao akicheza.

Kwa hiyo kazi ilikuwa kuitoa filamu humo na kuichoma kwenye diski tatu: moja ya wifi, moja ya mama mkwe huko Bwera, na moja ya baba mdogo aliyevuka mpaka zamani akajenga Kasindi, upande wa Kongo. Wote watatu walikuwa na televisheni na deki. Hakuna aliyekuwa na kompyuta, na simu zao zilikuwa za vitufe na tochi. Ibada ya shukrani ilikuwa imepangwa Jumapili nyumbani kwa mama mkwe, ukoo mzima uje kumshukuru Mungu kwa kumwokoa binti yao na wanawe. Filamu ingeonyeshwa hapo, baada ya chakula.

Kompyuta yetu ilikuwa ya mezani, Pentium 4 ya mtumba iliyonunuliwa Kampala, inaendesha Windows XP. Ilikaa sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma, kwa sababu vumbi la Kasese wakati wa kiangazi huingia hata penye dirisha lililofungwa. Mume wangu alileta diski tupu kutoka soko la Mpondwe, zimepangwa kwenye kijiti, hazina jina wala maandishi yoyote, ila mng'aro wa zambarau. Tukaitia moja. Mashine ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena, kisha trei ikajifungua na ujumbe ukatokea kwenye skrini: imeshindwa kupima nguvu ya leza.

"Mashine imekufa, Mama Masika," mume wangu akasema. "Tununue nyingine."

Ujumbe ule ningependa kila mwenye kompyuta nyumbani aujue, maana umepeleka jalalani mashine nyingi zilizo nzima. Diski ya kuchoma ina tabaka la rangi ya kikemikali ndani ya plastiki. Leza nyekundu ya DVD, ambayo urefu wa wimbi lake ni nanomita 650, huipasha moto rangi hiyo na kuacha alama ndogondogo, na alama hizo ndizo deki inazosoma. Rangi ya kila kiwanda ina tabia yake. Ndiyo maana mashine, kabla ya kuanza kazi, huenda kwenye ukanda mwembamba karibu na tundu la katikati, ikajaribu leza kwa nguvu mbalimbali, ikachagua ile inayofaa. Rangi ikiwa imepakwa vibaya, au lenzi ikiwa na vumbi, au leza ikiwa imechoka kwa uzee, jaribio halifaulu na mashine hukataa kuendelea. Sababu ni hizo tatu, na mbili kati yake huondolewa kwa fedha kidogo. Anza na diski.

Nilikwenda kwa mpiga picha mmoja mjini nikanunua diski anazotumia yeye mwenyewe, zenye jina la kiwanda na kasi yake. Nikaazima pia diski ya kusafishia, ile yenye vijibrashi vidogo upande wa chini vinavyopangusa lenzi inapozunguka. Diski mpya ilipoingia, jaribio lilipita. Mume wangu alivuta kiti akakaa karibu, na habari ya kununua mashine haikutajwa tena jioni ile.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ana duka la filamu mjini, la zile filamu za nje zinazotafsiriwa kwa Luganda na kina VJ Jingo na wenzake. Huchoma diski kutwa nzima. Alipita kututazama, akaona programu yetu ya kuchomea, akasema imepitwa na wakati, akasakinisha ya kwake kutoka kwenye flashi. Haikupatana na Windows yetu, ikawa inaganda. Akaiondoa, akawasha kompyuta upya, na mashine ya diski ikatoweka.

Trei ilikuwa bado inafunguka ukibonyeza, na taa yake inawaka. Lakini Windows haikuitambua tena. Kwenye orodha ya vifaa palikuwa na jina lake, alama ya mshangao ya manjano, na maelezo kwamba draiva haiwezi kupakiwa, huenda imeharibika au haipo. Kosa nambari 39.

Shemeji alijaribu yote anayoyajua. Aliiondoa mashine kwenye orodha ili Windows iitafute upya. Ikarudi na alama ileile ya manjano. Alifungua kasha, akachomoa waya mpana wa kijivu unaounganisha mashine na ubao mkuu, akauchomeka tena kwa kuukandamiza vizuri. Hakuna kilichobadilika. Mwishowe akakaa, akafuta jasho, akatoa ushauri ambao mafundi wengi huutoa wakifika hapo.

"Shemeji, tufomati. Tuweke Windows upya."

Sebule ikawa kimya. Kufomati maana yake ni kufuta vyote vilivyomo, na humo ndimo filamu ilimokuwa. Tulikwisha kujaribu kuinakili kwenye flashi, ikakataa. Flashi ilisema haina nafasi ingawa ilikuwa tupu, kwa kuwa flashi nyingi huja na mpangilio wa FAT32, ambao hauruhusu faili moja kufikia gigabaiti 4, na faili letu lilikuwa limezidi hapo. Basi nikamwambia shemeji, mbele ya kaka yake, kwamba hakuna atakayefomati chochote sauti ya baba ikiwa haijatoka humo. Hakubisha. Baba alikuwa wake pia.

Nikampigia mdogo wangu aliyeko Kampala, ambaye riziki yake ni kutengeneza kompyuta. Nikamsomea ujumbe neno kwa neno.

"Dada, mashine ni nzima na draiva ni nzima," akasema. "Programu ya shemeji imeondoka, jina lake limebaki."

Akanieleza, nami naeleza alivyonieleza. Draiva ya msingi ya mashine ya diski inakuja na Windows yenyewe. Haitafutwi sokoni wala kwenye intaneti. Lakini programu za kuchomea huongeza vidraiva vyao vidogo vinavyokaa juu na chini ya ile ya msingi, vinavyoitwa vichujio, ili kila amri inayokwenda kwenye mashine ipitie kwao kwanza. Majina ya vichujio hivyo huandikwa kwenye rejistri, daftari kuu la Windows. Programu ikiondolewa vibaya, kichujio hufutwa lakini jina hubaki daftarini. Windows inapowaka hulisoma jina, hukiita kichujio, haijibiwi, na kwa sababu hiyo hukataa kupakia mnyororo mzima. Ni sawasawa na lori lililofika forodhani Mpondwe na hati zenye jina la wakala aliyekwisha kuhama. Lori halina kasoro, mzigo ni halali, dereva yuko; lakini halivuki hadi jina hilo litolewe kwenye hati.

Kulifuta jina kunahitaji kuingia rejistri, kwenye ufunguo wa aina ya vifaa vya diski, na ufunguo huo una jina refu la tarakimu na herufi. Simu ilikuwa inakatikakatika. Mdogo wangu alisoma, mimi nikarudia kwa sauti, mwanangu Masika akaandika nyuma ya daftari lake la hisabati: 4D36E965, kistari, E325, kistari, 11CE, kistari, BFC1, kistari, 08002BE10318.

"B ya Bwera?"

"B ya Bwera. F ya Fort Portal. C ya chai."

"Moja mwishoni, au tatu?"

"Sifuri tatu moja nane. Rudia, dada."

Tulirudia hadi Masika akaweza kuisoma yote bila kusita. Kisha mdogo wangu akanionya mambo ambayo sijayasahau. Kwanza, hifadhi nakala ya ufunguo huo kwenye faili kabla hujagusa kitu. Pili, ndani yake futa maingizo mawili tu, lile linaloitwa UpperFilters na lile linaloitwa LowerFilters. Tatu, usithubutu kuyafuta maingizo yenye majina hayohayo mahali pengine katika rejistri, kwa sababu kibodi na diski kuu navyo vina vichujio vyao halali, na ukiondoa vya kibodi utabaki na kompyuta usiyoweza kuiandikia. Nilipofungua, UpperFilters ilikuwepo, na ndani yake limo jina lisilohusiana na programu yoyote iliyobaki ndani ya nyumba ile. Nikafuta. Nikawasha upya.

Alama ya manjano ilikuwa imeondoka. Watoto walipiga kelele kiasi kwamba jirani alichungulia mlangoni. Programu yetu ya zamani ilibidi isakinishwe upya, kwa kuwa nayo ilikuwa imepoteza kichujio chake, lakini hilo lilikuwa jambo dogo.

Jumamosi usiku shemeji akaikata filamu vipande viwili, akavichoma kwenye diski, akaenda nayo dukani kwake kuijaribu. Ikacheza vizuri. Vile vipande, kwa kuwa sasa kila kimoja kilikuwa chini ya gigabaiti 4, nikavinakili kwenye flashi, na kwa mara ya kwanza tangu mafuriko nililala nikijua kwamba sauti ya mzee ipo mahali zaidi ya pamoja.

Kutoka Kasese hadi Bwera ni karibu kilomita 60. Unashuka na barabara ya Mbarara hadi Kikorongo, ukingoni mwa Hifadhi ya Queen Elizabeth, halafu unakata kulia kuelekea mpakani. Tulifika ibada imekwisha kuanza. Baada ya sala na chakula watu waliingia sebuleni hadi wengine wakabaki wamesimama madirishani. Mama mkwe alikuwa amevaa kitenge kipya, ameketi kwenye kiti kilichotazamana na televisheni. Wifi alikaa sakafuni miguuni pake. Shemeji akaifuta diski kwa pindo la shati, akaitia, akarudi nyuma.

Deki ilizungusha. Ikazungusha zaidi. Tukasikia ile sauti ya kichwa cha kusomea kikienda na kurudi, kikienda na kurudi. Kisha kwenye kioo chake kidogo yakatokea maandishi ya buluu kwamba haiwezi kusoma diski.

Kila mtu alikuwa na dawa. Mmoja alisema ipanguswe kwa kanga yenye unyevu. Mwingine alisema dawa ya meno huondoa mikwaruzo. Diski ilikuwa mpya na haina mkwaruzo hata mmoja, nami nikaichukua nikaishika. Wifi hakusema kitu, ila alianza kukunja na kukunjua ncha ya kitenge cha mama yake.

Mama mkwe ndiye aliyevunja ukimya. "Mkamwana," akaniita, "mtu huyo nimekaa naye miaka mingi. Kuchelewa ilikuwa kawaida yake. Wapeni wageni chai."

Watu walicheka, na wengine walifuta machozi wakicheka. Lakini mimi nilirudi Kasese na diski ile mkobani na neno moja kichwani: kwa nini icheze dukani na ikatae Bwera?

Jibu linahusu tofauti ambayo programu za kuchomea huiweka mwanzoni kabisa, na ambayo watu huipita haraka: diski ya data au diski ya filamu. Diski ya data ni kama flashi. Faili inawekwa ilivyo. Deki ya shemeji ilikuwa ya aina mpya zaidi, inayofungua faili za AVI kama kompyuta, kwa hiyo ilicheza vile vipande bila tatizo. Deki ya mama mkwe ilikuwa ya miaka ya nyuma, inayojua DVD kwa utaratibu wake wa asili tu. Inatafuta folda inayoitwa VIDEO_TS, ndani yake faili za IFO, BUP na VOB, na picha yenyewe iwe imebanwa kwa MPEG-2. Kwa nchi zetu zinazofuata PAL, hiyo ni picha ya nukta 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Isipokuta hivyo, haina la kusoma. Tena kuna jambo la kufunga diski. Diski iliyoachwa wazi ili iongezewe baadaye huonekana vizuri kwenye mashine iliyoichoma, na deki nyingine huikataa. Chagua filamu, na uhakikishe imefungwa. Hayo mawili yangetosha kuzuia aibu nyingi sebuleni mwa watu.

Kugeuza filamu ya saa mbili kuwa MPEG-2 kwa Pentium 4 ni kazi ya usiku kucha. Mdogo wangu alituma flashi kwa basi la Kampala, ina programu mbili za bure: DVDStyler ya kuiandaa filamu na kuitengenezea menyu, na ImgBurn ya kuichoma. Hiyo ImgBurn nina heshima nayo kubwa. Toleo lake 2.5.8.0 lilitoka mwaka huohuo wa 2013 na ndilo la mwisho. Ukimaliza kuchoma huisoma diski yote tena na kuilinganisha na asili, ili ujue palepale kama imekubali.

Kilichotutesa zaidi hapo ni umeme. Wilaya yetu ina mitambo ya kuzalisha umeme kwenye Mto Mubuku, unaiona milima yanakotoka maji hayo ukiwa barazani, na bado umeme ulikuwa ukikatika usiku katikati ya kazi. Filamu ikiwa imegeuzwa robo tatu, giza. Asubuhi unaanza mwanzo. Betri ya UPS yetu ilikuwa imezeeka, inashika dakika chache tu. Mchana nao ulikuwa na shida yake: jirani ni mchomeleaji vyuma, na kila anapogusa bati taa zetu hufifia. Dawa niliyoipata ilikuwa kuikata filamu kwa sura, yaani kanisani, barazani, nasaha za wazee, keki, muziki, na kuigeuza kila sura peke yake. Umeme ukikatika, unapoteza sura moja na si harusi nzima. Sura ya nasaha za wazee niliigeuza ya kwanza.

Uchomaji wenyewe nao ulikuwa na la ajabu. Kasi ya 1 ya DVD ni takriban kilobaiti 1,385 kwa sekunde, kwa hiyo diski kamili kwa kasi ya 4 inachukua kama robo saa. Yetu ilikuwa inajivuta mno, na mstari wa bafa unaoonyesha akiba ya data ulikuwa ukishuka hadi chini, unapanda, unashuka tena. Mashine zilizotengenezwa baada ya mwaka 2000 hivi zina kinga ya kusimama na kusubiri bafa ijae, la sivyo tungeharibu diski zote. Mdogo wangu aliniambia nitazame chaneli ya pili ya IDE, njia ya ule waya mpana wa kijivu. Ilikuwa imeshuka kutoka DMA, ambapo data huenda moja kwa moja kwenye kumbukumbu, hadi PIO, ambapo prosesa hubeba kila kipande yenyewe. Windows XP hufanya hivyo ikihesabu makosa sita ya mawasiliano kwenye chaneli, na haikupi taarifa. Zile diski za kijiti na waya uliolegea vilikwisha kuijaza hesabu hiyo. Nikaiondoa chaneli kwenye orodha ya vifaa, nikawasha upya, Windows ikaisakinisha yenyewe, DMA ikarudi. Wenye kompyuta za sasa zenye waya za SATA hawatakutana na hili. Wenye za zamani, na Kasese ziko nyingi, watazame hapo kabla ya kulaumu diski.

Tulichoma usiku, mchomeleaji akiwa amelala, kwa kasi ya 4, hakuna aliyeruhusiwa kugusa kipanya. ImgBurn ikahakiki diski ya kwanza, ya pili, ya tatu. Asubuhi nikazipeleka kwa jirani mwenye deki nzee kuliko ya mama mkwe. Zikacheza zote.

Safari ya pili kwenda Bwera haikuwa na wageni. Tulikuwa sisi, wifi na mumewe, na baba mdogo aliyevuka kutoka Kasindi kuchukua diski yake. Kwenye menyu Masika alikuwa ameweka sura tano, na mama mkwe akamwambia aache kanisa, aende penye wazee. Mzee akasimama, kofia mkononi. Akakohoa. Mama mkwe akajibu kile kikohozi kwa jina lake la ujana, jina ambalo sisi wakwe hatukuwa tumelisikia, na wifi akaegemea goti la mama yake akamsikiliza baba yake hadi mwisho. Wakairudia. Bundu na samaki vilipoa mezani, na hakuna aliyejali.

Diski ya Bwera ilikaa juu ya deki, karibu na dirisha la magharibi, na baada ya miaka kadhaa ikaanza kukwama katikati ya keki. Rangi ile ya kikemikali haipendi jua wala joto, na bonde letu lina vyote viwili. Za wengine zilizokaa kabatini ndani ya makasha bado zinasoma. Wakati huohuo kompyuta nyingi zinazouzwa leo hazina trei ya diski. Windows tangu toleo la 8 haiji na uwezo wake wa kucheza DVD za filamu, ingawa VLC, ambayo ni ya bure, inazicheza. Mashine za nje za kuchomeka kwa USB bado zipo madukani, na Windows huzitambua kwa draiva yake yenyewe.

Kwa hiyo ndugu msomaji, wewe uliye Kasese, Bwera, Beni au popote ulipo, kama una diski ya harusi, ya mahafali au ya maziko ya mzee wako, itoe kabatini wiki hii uijaribu. Ikisoma, nakili folda yote ya VIDEO_TS kwenye flashi, kisha mpe nakala ya pili ndugu anayekaa mji mwingine. Ikikwama, usiipake dawa ya meno. Ijaribu kwenye mashine nyingine, kwa sababu mashine moja husoma diski iliyoshinda nyingine. Na fundi akikuambia tufomati, mwombe kwanza akuonyeshe filamu ya baba yako iko wapi.